Sura ya Nne: Nyumba Kumi, Shaba Moja

Tumchukue mfanyabiashara wa kufikirika wa Lubumbashi, mama wa makamo aliyejiwekea akiba kwa miaka mingi. Ana duka la vitenge katika soko la komine ya Kenya. Ana nyumba mbili za kupangisha, moja Kampemba na nyingine Golf, na hiyo ya Golf anakaa mhandisi wa kampuni ya madini. Ana basi dogo linalobeba abiria kati ya Ruashi na katikati ya mji. Mume wake analipwa mshahara na mgodi. Kila mwezi anatoa fungu lake katika likelemba, yaani upatu, ya wanawake wenzake, na kinachobaki kiko benki kwa dola. Ukimuuliza ana vitega uchumi vingapi, atakuhesabia kwa vidole: duka, nyumba mbili, basi, mshahara, likelemba, dola. Saba. Anaamini kwamba kimoja kikiharibika, sita vitamsitiri.

Hesabu yake ni sahihi kwa vidole, lakini si sahihi kwa takwimu. Bei ya shaba ikianguka katika soko la London, mgodi hupunguza watu. Mume hurudishwa nyumbani. Mhandisi wa Golf hufungasha virago, na nyumba hukaa tupu. Abiria wa Ruashi waliokuwa wakienda kazini hawaendi tena. Vitenge hulala dukani kwa sababu wanunuzi wake ni wake wa wafanyakazi. Wanachama wa likelemba huanza kuchelewesha michango, maana nao wanaishi katika mji uleule. Kati ya vile saba, ni dola peke yake zisizotikisika. Anayefungua mabomba saba yanayotoka katika tangi moja hana vyanzo saba vya maji.

Sura hii inahusu namna ya kupima jambo hilo kwa namba, ili mtu ajue kiasi gani cha mali yake kimeshikwa na kitu kimoja. Njia zake zilibuniwa kwa ajili ya masoko ya hisa ya Marekani na Ulaya. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haina soko la hisa. Naamini hata hivyo kwamba hakuna mji katika Afrika yetu unaozihitaji njia hizi kuliko Lubumbashi, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Mwaka 1952 Harry Markowitz, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago ambaye alikuwa hajatimiza miaka 25, alichapisha makala fupi kuhusu uchaguzi wa mseto wa mali. Kabla yake wataalamu walikuwa wamejikita katika kutafuta hisa nzuri: kampuni ipi italipa gawio kubwa, na gawio hilo lina thamani gani kwa fedha za leo. Markowitz aliuliza swali jingine. Kama kazi ni kutafuta ile yenye faida kubwa tu, kwa nini mtu mwenye akili hawekezi fedha zake zote katika hiyo moja? Jibu lake ni kwamba mtu anaangalia mambo mawili kwa pamoja, faida anayoitarajia na kuyumba kwa faida hiyo. Na kuyumba kwa mseto mzima hakupatikani kwa kujumlisha kuyumba kwa kila mali peke yake. Kunategemea jinsi mali hizo zinavyokwenda pamoja au zinavyoachana.

Kuyumba hupimwa kwa mkengeuko wastani, yaani umbali ambao faida ya mwaka huwa nao, kwa kawaida, kutoka kwenye wastani wake. Mali yenye wastani wa asilimia 8 na mkengeuko wa asilimia 20 inaweza kukupa 28 mwaka mmoja na kukunyang'anya 12 mwaka mwingine, wala hilo halipaswi kukushangaza. Kwenda pamoja hupimwa kwa namba ya uwiano, ambayo huanzia hasi 1 hadi 1. Uwiano wa 1 maana yake mali mbili zinapanda na kushuka kama kivuli na mwenye kivuli. Uwiano wa sifuri maana yake moja haikuambii lolote kuhusu nyingine.

Sasa tuingize namba. Chukua nyumba kumi zenye thamani sawa, kila moja ikiwa na mkengeuko wa asilimia 20. Kama uwiano kati yake ni sifuri, mseto wa nyumba zote kumi una mkengeuko wa asilimia 6.3 tu. Mwenye nyumba amepunguza hatari yake hadi chini ya theluthi moja, bila kupoteza hata senti ya faida anayoitarajia. Lakini kama nyumba zote kumi ziko Lubumbashi na wapangaji wote wanakula mezani kwa shaba, tuseme uwiano ni 0.9. Hapo mkengeuko wa nyumba kumi ni asilimia 19.1. Kutoka 20 hadi 19.1! Mtu amejenga nyumba tisa za ziada, amegombana na mafundi na majirani wa mpakani, amelipia hati tisa, na ulinzi alioupata haufikii hata asilimia moja kamili. Ongeza nyumba ziwe mia au elfu. Mkengeuko hautashuka chini ya asilimia 18.97.

Mkoa wa Katanga ulikwisha kuufanya mtihani huu kwa maisha ya watu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapo 1911. Tarehe 1 Januari 1967 migodi ya kampuni hiyo ikawa mali ya serikali, na kampuni ya serikali iliyoichukua baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Mfanyakazi wake alipewa mshahara, nyumba katika kambi ya kampuni, shule ya watoto, matibabu katika hospitali ya kampuni, na mfuko wa unga wa mahindi wa kila mwezi kwa ajili ya bukari, yaani ugali. Mwishoni mwa kazi aliahidiwa malipo ya uzeeni. Ukiorodhesha, utaona vitu sita. Kila kimoja kilikuwa ahadi ya kampuni moja, na kampuni hiyo iliishi kwa madini ya ardhi moja.

Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wake wa Kamoto iliporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji, kisha vurugu za kisiasa na kufukuzwa kwa watu wa asili ya Kasai, wengi wao wakiwa mafundi na watumishi wa kampuni hiyo. Kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mshahara ulichelewa miezi hadi miezi. Unga ukakatika. Shule na hospitali zikabaki majengo. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, wakiwa na malipo ya mara moja mkononi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika historia ya familia hizi katika kitabu chake cha 2001, na katika jina la kitabu hicho amewaita watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Jambo moja katika habari hii linahitaji kutazamwa kwa makini. Mwaka 1990 bei ya shaba duniani haikuwa mbaya hata kidogo. Ilizidi dola 2,600 kwa tani, bei nzuri kwa wakati ule. Wachimbaji wa shaba wa Chile walikuwa wanapata faida. Kilichoanguka ni kampuni moja katika nchi moja. Kwa hiyo hatari ya mfanyakazi wa Gécamines ilikuwa ya ngazi mbili: ile ya bei ya shaba, inayomgusa kila mchimbaji duniani, na ile ya kampuni yake yenyewe, yenye mgodi wake unaoweza kuporomoka na viongozi wake wanaoweza kuukamua.

Hapa ndipo nadharia ya bei inapoingia. Mwaka 1964 William Sharpe aliendeleza hesabu ya Markowitz na kuuliza: kama wawekezaji wote wanachanganya mali zao hivyo, bei ya kila mali itakuwaje? Jibu lake, ambalo John Lintner na Jan Mossin nao walilifikia kwa njia zao katika miaka hiyohiyo, ni kwamba soko hulipa faida ya ziada kwa hatari moja tu, ile ambayo mali inashirikiana na soko zima. Kipimo cha ushirika huo ni beta. Hatari inayobaki, ya mgodi kuporomoka au meneja kuiba, hailipwi. Hailipwi kwa sababu mwenye hisa anaweza kuifuta kwa kumiliki kampuni nyingine nyingi. Na asiyetaka kuifuta, hakuna atakayemlipa kwa kuibeba.

Soma tena sentensi hiyo ukiwa umesimama katika kambi ya Gécamines. Société Générale de Belgique, iliyokuwa mmoja wa wenye hisa wakubwa wa Union Minière, ilimiliki pia benki, makaa ya mawe, chuma na meli. Kwa mwenye hisa wa Brussels, Katanga ilikuwa ukurasa mmoja katika daftari nene. Ukurasa huo ukichanika, daftari lilibaki. Union Minière yenyewe iliendelea kuishi Ubelgiji baada ya kupokonywa migodi, ikageukia shughuli nyingine, na tangu 2001 inaitwa Umicore. Mfanyakazi wa Lubumbashi alibeba hatari ileile ya Kamoto, tena yote, bila ukurasa wa pili. Na mshahara wake haukuwa na senti ya ziada kwa ajili hiyo. Nadhani hili ni dhuluma ambayo vitabu vya fedha vinaieleza kwa usahihi mkubwa bila kuitaja kwa jina. Hatari ilikuwa ileile, na bei yake ilitegemea nani anaibeba.

Mji wa leo si mji wa Gécamines peke yake. Migodi mikubwa inaendeshwa na kampuni kama Glencore ya Uswisi na CMOC ya China, na tangu Katanga igawanywe mwaka 2015 mingi iko upande wa Lualaba. Hatari ya kampuni moja imepungua, maana mgodi mmoja ukifungwa mwingine huajiri. Hatari ya bei haijapungua. Julai 2008 tani ya shaba ilikuwa zaidi ya dola 8,000 London. Desemba ya mwaka huohuo ilikuwa chini ya 3,000. Tanuru nyingi ndogo za Lubumbashi na Likasi zilizimwa, na maelfu ya watu wakakosa kazi ndani ya wiki chache. Kisha tena: bei iliyokuwa juu ya dola 10,000 mwanzoni mwa 2011 iliteremka hadi chini ya 4,500 Januari 2016, na Septemba 2015 Glencore ilikuwa imekwisha kusimamisha uzalishaji wa mgodi wake wa Kamoto. Katika kipindi hichohicho faranga ya Kongo, iliyokuwa imetulia kwenye 920 hivi kwa dola moja kwa miaka kadhaa, ilianza kuporomoka, na kufikia 2018 dola moja ilizidi faranga 1,600. Mwenye mshahara wa mgodi na akiba ya faranga alipigwa mara mbili na mkono mmoja, kwa kuwa dola zinazoishikilia faranga zinatoka hasa katika kuuza shaba na kobalti.

Basi mama yetu wa komine ya Kenya anawezaje kupima beta yake kwa shaba, pasipo soko la hisa? Anahitaji daftari. Katika safu ya kwanza aandike bei ya shaba ya kila mwezi, ambayo inapatikana bure kwa mwenye simu. Katika safu za pili na kuendelea aandike alichopokea kweli kutoka kwa kila mali: kodi, mauzo ya duka, mapato ya basi. Miezi ambayo nyumba ilikuwa tupu iandikwe sifuri, isirukwe. Watu wengi huiruka, na kwa kuiruka wanafuta ushahidi wenyewe wanaoutafuta.

Kosa la kwanza la kuepuka ni kulinganisha viwango. Kuanzia 2003 hadi 2011 bei ya shaba kwa jumla ilipanda, na bei ya viwanja vya Lubumbashi ilipanda. Vitu viwili vinavyopanda kwa miaka vitaonekana kuwa na uwiano mkubwa hata kama havijuani. George Udny Yule aliwaonya wanatakwimu kuhusu mtego huu mwaka 1926, na Clive Granger na Paul Newbold wakaonyesha ukubwa wake mwaka 1974. Dawa ni kulinganisha mabadiliko: kodi ilibadilika kwa asilimia ngapi kutoka mwezi hadi mwezi, na shaba je?

Kosa la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo linalowadanganya wenye nyumba wengi. Bei ya shaba hubadilika kila dakika ya kazi. Kodi haibadiliki hivyo. Mpangaji aliyelipa garantii, yaani amana, ya miezi kadhaa haondoki siku ile bei inaposhuka. Anaondoka mkataba wake wa kazi unapokwisha, garantii inapoliwa, akiba inapomalizika. Ukilinganisha kodi ya Machi na shaba ya Machi utapata uwiano mdogo sana, na utasema kwa furaha kwamba nyumba haina habari na shaba. Nyumba ina habari, ila inazipata kwa kuchelewa. Elroy Dimson alikutana na tatizo hilohilo London katika hisa zinazouzwa kwa nadra, na mwaka 1979 akapendekeza njia ambayo ni rahisi kwa mtu yeyote kuielewa: linganisha badiliko la kodi na badiliko la shaba la mwezi huu, la mwezi uliopita, la mwezi wa kabla yake, hadi nyuma ya kutosha, kisha jumlisha majibu yote. Jumla hiyo ndiyo beta ya kweli. Kwa nyumba za Lubumbashi ningerudi nyuma mwaka mzima. Utulivu wa bei za nyumba ni utulivu wa kitu ambacho hakijaulizwa bei, na mtu aliyejaribu kuuza nyumba ya Golf mwanzoni mwa 2009 anajua ninachosema.

Ipo pia hesabu ya wasioonekana. Miongoni mwa waliopokea malipo ya 2003, tunawajua walionunua mashine ya kusaga na ikawatoa. Tunawaonyeshana barabarani. Wale ambao biashara zao zilikufa hawana duka la kuonyesha, na hivyo hawaingii katika wastani tunaoubeba kichwani. Kila hadithi ya faida inayosimuliwa mjini imechujwa hivyo kabla haijakufikia.

Tuseme sasa daftari limejaa. Je, linaweza kumwambia mama mali ipi itampa faida kubwa zaidi miaka ijayo? Hapa takwimu inapaswa kuwa na adabu. Chukua mali yenye mkengeuko wa asilimia 25 kwa mwaka. Ukiwa na kumbukumbu za miaka 25, wastani uliouhesabu una shaka ya asilimia 5 juu na chini, na ukitaka uhakika wa kawaida wa kitaalamu, ni asilimia 10 kila upande. Maana yake wastani wa asilimia 7 ulioupata unaweza kuwa hasara ya 3 au faida ya 17. Kuipunguza shaka hiyo hadi asilimia 1 kunahitaji miaka 625. Lubumbashi yenyewe haijatimiza 120. Robert Merton alieleza mwaka 1980 kwamba kupima kila siku badala ya kila mwaka husaidia sana kujua kuyumba na uwiano, lakini hakusaidii chochote kujua wastani. Kwa wastani, kinachohesabika ni urefu wa miaka tu.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Ukiiachia kompyuta ichague mseto bora kwa kutumia wastani wa zamani, itaimwagia fedha zote ile mali iliyobahatika hivi karibuni. Mwaka 2009 Victor DeMiguel, Lorenzo Garlappi na Raman Uppal walijaribu njia 14 za kitaalamu dhidi ya kanuni ya kugawa sawa kwa sawa, yaani ukiwa na mali kumi, weka sehemu moja ya kumi katika kila moja. Hakuna hata njia moja kati ya 14 iliyoishinda kanuni hiyo kila mahali. Walikadiria kwamba kwa mali 25 tu, kwa hali ya soko la Marekani, zingehitajika kumbukumbu za miezi 3,000 hivi. Hiyo ni miaka 250.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema kwamba hesabu haina maana. Mimi nayasoma kinyume. Yanatuambia sehemu ipi ya hesabu ni ya kuaminika. Utabiri wa faida ni dhaifu. Kipimo cha kwenda pamoja ni imara zaidi, na huimarika zaidi ukikivuta kidogo kuelekea kwenye makadirio rahisi, kama Olivier Ledoit na Michael Wolf walivyofundisha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu wa Lubumbashi hajui kama shaba itapanda au itashuka, na hakuna anayejua. Anachoweza kukijua vizuri ni vitu gani vyake vitashuka siku shaba ikishuka. Kugawa sawa kwa sawa nako hakumwokoi kama vyote saba ni shaba, kwa hiyo kwake swali la uwiano ndilo la kwanza na la mwisho.

Nini basi kisichofuata shaba? Kobalti hufikiriwa kuwa jibu, na kwa kiasi fulani ina njia yake: ilifika karibu dola 95,000 kwa tani Machi 2018 na mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu 30,000, ilhali shaba katika muda huo ilishuka kidogo tu. Lakini hiyo ni kubadilisha farasi mkali kwa mkali zaidi. Tena bei yake sasa iko mkononi mwa serikali yetu kwa sehemu kubwa. Kongo, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ilisimamisha mauzo ya nje tarehe 22 Februari 2025 na kuweka mgao wa kampuni kwa kampuni kuanzia 16 Oktoba. Uwiano uliopimwa kabla ya amri kama hiyo hauwezi kuaminiwa baada yake.

Shamba la mahindi ni jibu bora kuliko linavyosifiwa. Lubumbashi inategemea sana unga unaopita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikifunga mpaka kwa ukame, kama ule uliotangazwa janga la taifa Februari 2024, bei ya unga hupanda mjini, na sababu yake ni mvua. Mvua haisomi bei za London. Aliye na hekta kadhaa zinazolimwa kweli ana kitu ambacho hupanda siku ambayo mfuko wake wa kula unaumia, na watu hula bukari hata mgodi ukiwa umefungwa.

Kuhusu hisa, Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na masoko ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yamekuwa ya majirani. Tazama lakini kilicho ndani. Equity ya Nairobi inamiliki EquityBCDC, ambayo mizizi yake ni Benki ya Kongo ya Kibelgiji ya 1909. KCB ilinunua mwaka 2022 Trust Merchant Bank, iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004. CRDB ya Tanzania ilifungua kampuni yake tanzu ya Kongo hapahapa Lubumbashi mwaka 2023. Kwa Mkenya au Mtanzania, hisa hizo zinamwongezea chanzo kipya, kwa kuwa zinamletea kidogo cha Katanga ambacho hakuwa nacho. Kwa mama wa komine ya Kenya, zinamrudishia alichokimbia. Hisa ni ileile, faida ni ileile, na bado inamfaa mmoja kuliko mwingine. Ndivyo Markowitz alivyotufundisha kuangalia. Kama atanunua huko, kiwanda cha saruji au kampuni ya simu vina uhusiano wa mbali zaidi na mgodi, na hilo nalo alipime kwa daftari.

Haya yote ni kwa mwenye vitu saba. Wakazi wengi wa mji hawana saba, wana kazi moja au hawana. Kwao mseto wa mali unaohusika ni ule wa nchi, nao ni shaba juu ya shaba. Gécamines ina asilimia 25 ya kampuni ya Kamoto na asilimia 20 ya mgodi wa Tenke Fungurume; serikali ina asilimia 20 ya mgodi wa Kamoa-Kakula. Mrabaha, kodi na gawio hutoka humohumo. Shaba ikianguka, bajeti ya kuwasaidia watu hupungua katika mwezi uleule ambao watu wanahitaji msaada. Chile, ambayo nayo inaishi kwa shaba, ilianzisha mfuko wa akiba mwaka 2007, ikauweka nje katika mali tulivu, na mwaka 2009 ikautumia wakati sisi tulikuwa tunahesabu tanuru zilizozimwa. Norway ilipitisha sheria ya mfuko wake wa mafuta mwaka 1990, ikaweka fedha za kwanza mwaka 1996, na inawekeza nje ya nchi peke yake.

Kongo nayo ina sheria. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa serikali za mitaa, na 10 kwa mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hiyo asilimia 10 ndiyo mali pekee ya Mkatanga ambaye hajazaliwa. Isirudishwe ardhini kutafuta shaba nyingine, isiwekwe katika faranga, isinunue hisa ya mgodi wowote popote duniani. Iwekwe katika vitu ambavyo havishuki siku shaba inaposhuka, na orodha ya vitu hivyo itangazwe kila mwaka ili mtu yeyote wa Lubumbashi mwenye daftari aipime mwenyewe. Wabunge wa Haut-Katanga wanaweza kuidai orodha hiyo katika kikao chao kijacho, na wananchi waliowachagua wanaweza kuwauliza kama wameidai.